UZI: Vitabu vya uwindaji vya kusoma bure mtandaoni, vilipo na namna ya kuvifikia kihalali

NyayoMbichi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu.

Swali la wapi pa kupata vitabu vya uwindaji vya bure haliishi, na majibu mengi yanayotolewa ni ya hatari. Mtu anapewa kiungo, anabofya, ukurasa unamwambia kitabu kipo ila kwanza "athibitishe umri" kwa namba ya kadi ya benki. Mwingine anapakua kitu kilichoandikwa jina la kitabu, kumbe faili linaishia na .exe, yaani ni programu wala si kitabu. Inaniuma, kwa sababu uwindaji ni fani ambayo vitabu vyake vizuri viko bure kihalali, tena kwa maelfu. Hakuna haja ya kupita dirishani wakati mlango uko wazi.

Mlango umefunguliwa na sheria yenyewe. Kuanzia miaka ya 1850 hadi 1930 hivi, wawindaji, maofisa, wapelelezi na wataalamu wa viumbe waliandika sana. Hakimiliki ina mwisho wake. Marekani, vitabu vya zama hizo huwa mali ya umma miaka 95 ikishatimia tangu vichapishwe, kwa hiyo kila 1 Januari kundi jipya linaachiwa. Nchi nyingine nyingi huhesabu kuanzia kifo cha mwandishi, miaka 50 au 70. Ndiyo maana karibu kila kitabu cha uwindaji cha karne ya 19 unachokisikia kikitajwa unaweza kukisoma leo bila kulipa chochote.

Sasa vilipo.

Project Gutenberg ndiyo pa kuanzia. Ilianzishwa na Michael Hart mwaka 1971, na sasa ina vitabu zaidi ya 70,000. Hakuna kujisajili, hakuna kadi, hakuna matangazo ya kukurukia usoni. Uzuri wake ni kwamba vitabu vyake vimesomwa na kusahihishwa na watu wa kujitolea, kwa hiyo maandishi ni safi. Usitafute kwa jina la kitabu peke yake. Ingia kwenye orodha ya mada, andika "Hunting", kisha jaribu "Big game hunting", "Falconry" na "Bow and arrow". Utafungua rafu ambazo hukujua zipo. Kila kitabu kina matoleo kadhaa: la kusoma papo hapo kwenye kivinjari, EPUB (faili la kitabu cha kusomea kwenye simu au kompyuta) yenye picha, na maandishi matupu.

Internet Archive ni kubwa zaidi na ina vurugu zaidi. Ilianzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996. Hapa utakuta kitabu chenyewe kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na mihuri ya maktaba na madoa yake. Kuna vya aina mbili, na wengi huchanganya. Vya zamani vilivyo mali ya umma unapakua moja kwa moja. Vipya zaidi vina kitufe cha kuazima: unafungua akaunti ya bure, unakisoma kwa saa moja, na baadhi unaweza kuvishika kwa siku 14. Baada ya kesi ya wachapishaji iliyofunguliwa mwaka 2020, ambayo Archive ilishindwa hadi kwenye rufaa mwaka 2024, vitabu vingi vya aina hii ya pili viliondolewa. Kwa hiyo ukikuta kiungo cha kuazima kimekufa, usishangae. Chuja matokeo yako kwa miaka ya uchapishaji, weka mwisho wake nyuma ya miaka 95, na karibu yote yatakayobaki yatakuwa huru.

Watu wengi hawaijui Biodiversity Heritage Library, nami naipenda kuliko zote. Ni muungano wa maktaba za makumbusho na taasisi za elimu ya viumbe. Lengo lao si uwindaji, ni elimu ya viumbe, lakini zamani wawindaji na wanasayansi walikuwa watu walewale. Mwindaji alipima pembe, akachora nyayo, akaandika swala gani wanakula wapi na saa ngapi, akapeleka ngozi makumbusho. Vitabu na majarida hayo yote yamo, unapakua kitabu kizima kwa PDF bila kujisajili, na michoro ya rangi iko katika ubora wa juu.

HathiTrust na Google Books zina vitabu vingi pia, ila zina kasoro moja ya kuijua mapema: zinaangalia uko nchi gani. Vitabu vingi vilivyo wazi kwa msomaji aliye Marekani hufungwa ukiwa nje. Ukikuta kimefungwa huko, rudi Internet Archive, mara nyingi nakala ileile ipo.

Ushauri wa mwisho kabla sijawaachia uwanja. Waandishi wa zamani wa Kiingereza walitumia majina tofauti kwa jambo hilihilo, kwa hiyo ukikwama kwenye kutafuta jaribu "sport", "shikar", "venery", "fowling", "woodcraft". Kwa Kifaransa andika "chasse", kwa Kijerumani "Jagd".

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

---

KurasaKumi

Mkuu, shukrani sana. Uzi wa kuhifadhi huu. Swali langu ni la anayeanza: vitabu ni maelfu, mimi nianze na kipi? Sina bunduki wala sina mpango wa kuwa nayo, napenda tu elimu ya porini.

---

NyayoMbichi

KurasaKumi, kama huna bunduki basi anza na "Hunting with the Bow and Arrow" cha Saxton Pope, cha mwaka 1923. Kipo Gutenberg.

Pope alikuwa daktari katika hospitali ya Chuo Kikuu cha California. Mwaka 1911 karibu na mji wa Oroville alijitokeza mtu mmoja kutoka msituni, wa mwisho wa watu wake wa Yahi, baada ya wenzake wote kuuawa au kufa. Akaitwa Ishi. Pope alimtibu, wakawa marafiki, na Ishi akamfundisha kuchonga upinde na kuvizia mnyama. Ishi alifariki mwaka 1916 kwa kifua kikuu. Kitabu kinaanza na habari zake, na daktari anamwandika kwa heshima ya mwanafunzi kwa mwalimu.

Kisha zinafuata sura za ufundi, na hapo ndipo kitabu kinapong'ara. Anakueleza aina ya mti, kwa nini tabaka jeupe la nje liachwe upande wa mgongo wa upinde, namna ya kusokota upote kwa nyuzi za kitani na kuupaka nta, na namna ya kupanga manyoya matatu ya bata mzinga kwenye mshale ili usiyumbe. Anapima. Anajaribu pinde za makabila na mataifa mbalimbali zilizokuwa makumbusho na kuandika kila mmoja umefika umbali gani. Anajaribu hata kupenyeza mshale kwenye deraya ya chuma. Hakubali jambo kwa kusikia tu.

Soma toleo la kivinjari lenye picha, si maandishi matupu, maana bila michoro sura ya kutengeneza upinde itakupotea.

---

Mzee wa Podo

Naongezea hapo kwa Pope. Sehemu ya Ishi kumwita mnyama kwa kuiga sauti, na subira yake ya kukaa kimya, hiyo peke yake inatosha. Mimi napiga upinde wa shabaha na bado narudia sura ile ya makosa ya mpigaji. Mambo ya kuachia upote mapema, mkono wa upinde kulegea, yote kayaandika na hayajabadilika hadi leo.

---

Kunguru_Mweusi

Nina neno la kukwaza kidogo, mnisamehe. Vitabu hivi vya karne ya 19 nimevijaribu. Ukurasa mmoja anaua tembo watano, ukurasa unaofuata anawatukana wapagazi waliombebea mizigo. Mnavisifia tu bila kusema hilo?

---

NyayoMbichi

Kunguru, hujakwaza mtu. Umesema kweli na ilipaswa kusemwa mapema.

Vitabu hivi viliandikwa na watu waliobeba bunduki na ukoloni kwa pamoja. Mtu aliyefuata nyayo, aliyejua maji yako wapi, aliyemtoa mwandishi hai, mara nyingi hatajwi hata jina. Na idadi ya wanyama waliouawa inatisha. Nashauri kuvisoma hata hivyo, lakini kama ushahidi. Kisome ukijiuliza nani mwingine alikuwepo pale na angesema nini.

Chukua simba wa Tsavo, Kenya. "The Man-eaters of Tsavo" cha J. H. Patterson kilitoka mwaka 1907 na kipo Gutenberg. Ni habari ya simba wawili waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898. Katika kitabu hicho Patterson anasema vibarua Wahindi 28 waliliwa, pamoja na Waafrika ambao hesabu yao haikuwekwa na mtu. Angalia hapo: vifo vya upande mmoja vimeandikwa, vya upande wa pili havikuonekana vina haja ya kuandikwa. Miaka mingi baadaye, simba hao wakiwa tayari kwenye makumbusho ya Field kule Chicago, Patterson huyohuyo alitaja watu 135. Mwaka 2009 watafiti walipima mifupa na manyoya ya simba wale kujua walikula nini, wakakadiria watu kama 35.

Kwa hiyo msomaji anayesema "nilisoma ni 135" na anayesema "nilisoma ni 28" wote wamesoma kwa mtu yuleyule. Ndiyo sababu nasisitiza mtu asome kitabu chenyewe, aangalie mwaka wa toleo kwenye ukurasa wa jina, badala ya vipande vinavyozungushwa mitandaoni bila chanzo.

---

BahariShwari

Mkuu, Jim Corbett, yule mwindaji wa simbamarara wala watu huko India, je? Nimetafuta Gutenberg sikumwona, ila kuna tovuti nyingine nyingi zinampakia. Ni halali au ni wizi?

---

NyayoMbichi

BahariShwari, jibu linategemea uko wapi. "Man-Eaters of Kumaon" kilitoka mwaka 1944. Corbett alifariki Nyeri mwaka 1955. Sasa piga hesabu. Nchi zinazohesabu miaka 50 baada ya kifo, alikuwa huru tangu 2006. India wanahesabu miaka 60, kwa hiyo tangu 2016. Uingereza na Umoja wa Ulaya ni miaka 70, yaani kuanzia 1 Januari 2026. Marekani wanahesabu miaka 95 tangu uchapishaji, kwa hiyo kitabu hicho kitabaki na mwenyewe hadi mwisho wa 2039. Gutenberg iko Marekani, inafuata sheria ya huko, ndiyo maana hukumwona.

Kanuni ya kushika ni hii: tafuta mwaka aliokufa mwandishi, jua nchi yako inahesabu miaka mingapi, ongeza, kisha subiri 1 Januari inayofuata. Kwa walio Kanada kuna tovuti ya vitabu ya Faded Page, ya watu wa kujitolea pia. Kanada ilihama kutoka miaka 50 kwenda 70 mwishoni mwa 2022, lakini waandishi ambao vitabu vyao vilishakuwa huru waliachwa hivyo, yaani wote waliofariki hadi mwisho wa 1971.

Kuna na mtego wa tafsiri. Xenophon wa Ugiriki aliandika juu ya kuwinda sungura kwa mbwa na nyavu zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, lakini mtu akimtafsiri leo, tafsiri hiyo ni mali yake. Iliyoko Gutenberg ni ya H. G. Dakyns, aliyefariki mwaka 1911, kwa hiyo haina shida.

---

mama_wawili

Jamani, mnaotumia simu mnafanyaje? Nilipakua kimoja kutoka Internet Archive, PDF ikamaliza bando na simu ikaganda kabisa.

---

Fundi Simu

Mama, PDF ya Archive ni picha za kila ukurasa, ndiyo maana ni nzito. Makumi ya MB ni kawaida, na kitabu chenye picha nyingi kinapita MB 100. Kabla hujabofya, fungua orodha ya mafaili yote upande wa kulia chini ya kitabu, ukubwa umeandikwa pale.

Chukua EPUB badala yake. Ya Gutenberg isiyo na picha mara nyingi haifiki hata MB 1, inafunguka kwenye simu yoyote, unakuza herufi utakavyo. Ila EPUB ya Archive imetengenezwa na mashine, herufi zinachanganyikana: 1 inakuwa l, majina ya mahali yanakuwa vichekesho, michoro inapotea. Utaratibu wangu ni huu: kama kitabu kipo Gutenberg, nachukua huko. Kama hakipo, nakisoma Archive kwenye kivinjari bila kupakua, kurasa zinafunguka chache chache.

---

mama_wawili

Asante sana mwanangu. Na vya kusikiliza vipo? Kazi zangu ni za mikono, macho hayana nafasi.

---

Fundi Simu

Vipo LibriVox. Watu wa kujitolea wanasoma vitabu vilivyo mali ya umma tangu mwaka 2005, bure kabisa. Ubora unategemea msomaji, vingine kila sura ina sauti tofauti. Sikiliza dakika mbili za sura ya kwanza kabla ya kupakua vyote.

---

KurasaKumi

Swali lingine kwa NyayoMbichi. Mtu anayetaka kujifunza uwindaji wenyewe, yaani ana leseni au anaitafuta, vitabu hivi vya zamani vinamtosha?

---

NyayoMbichi

Hapana, na hapa naomba nisikilizwe vizuri.

Kitabu cha 1890 kitakufundisha tabia za mnyama, upepo, nyayo, subira. Hayo hayajazeeka. Kamwe usichukue humo sheria, silaha wala risasi. Mfano ni W. D. M. Bell, "The Wanderings of an Elephant Hunter", 1923. Bell alipendelea kalibra (kipenyo cha risasi) ndogo ya milimita 7 hata kwa tembo, na ameweka michoro ya ubongo wa tembo ulipo kwa kila pembe ya kutazama. Ni mwandishi mzuri sana. Lakini alikuwa na shabaha ya nadra na uzoefu mkubwa mno. Anayemuiga atamjeruhi mnyama na kumwacha akafie porini kwa maumivu, au atauawa yeye. Leo nchi nyingi zimeweka kalibra ya chini inayoruhusiwa kwa wanyama wakubwa, na ni kwa sababu hiyo.

Mfano mwingine ni chembe za bunduki za madini ya risasi (lead) kwa ndege wa majini. Vitabu vyote vya zamani vinazichukulia kuwa jambo la kawaida. Baadaye ikajulikana kwamba bata huzimeza zile chembe zilizozama kwenye tope, wakidhani ni mbegu au changarawe, na kufa kwa sumu. Marekani ilizipiga marufuku nchi nzima kwa ndege hao mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya umezizuia kwenye maeneo oevu tangu Februari 2023. Huwezi kulijua hilo ukisoma vya zamani peke yake.

Vya kisasa vya bure pia vipo, ila havikai kwenye rafu za vitabu vya kusisimua. Idara za wanyamapori za majimbo ya Marekani huweka mtandaoni miongozo ya elimu ya mwindaji: kushika bunduki kwa usalama, kumtambua mnyama kabla ya kufyatua, pa kulenga ili afe haraka, kumfuatilia aliyejeruhiwa, kuhifadhi nyama. Ile michoro ya moyo na mapafu kutoka kila upande ni bora kuliko ya kitabu chochote cha zamani. Maktaba ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, nayo ina machapisho yake kwa PDF bila malipo, ikiwemo kanuni za mwaka 2012 kuhusu uwindaji wa nyara kama chombo cha kuhamasisha uhifadhi. Isome hata kama unapinga uwindaji wa nyara, ili upinge ukijua hoja yenyewe. Kisha tafuta sheria ya wanyamapori ya nchi unakoishi, kwenye tovuti ya mamlaka husika, si kwenye maelezo ya mtu. Anza na hiyo sheria kabla ya kitabu chochote.

---

Kunguru_Mweusi

Hapo nimekuelewa mkuu. Basi nikupe nami mchango wangu. Anayetaka kuona mwindaji mwenye jicho la utu asome hadithi za Turgenev, mwandishi wa Urusi, "A Sportsman's Sketches". Zilitoka kama kitabu mwaka 1852. Bunduki ipo na mbwa yupo, lakini anachokitazama ni wakulima waliokuwa wakimilikiwa na mabwana, wanavyoishi na wanavyozungumza. Tafsiri ya Constance Garnett ipo Gutenberg.

---

NyayoMbichi

Kunguru, hicho kilipaswa kuwa kwenye bandiko la kwanza. Asante sana.

---

Mzee wa Podo

Kuna mtu aliwahi kuniambia kuna kitabu cha kale cha Kifaransa chenye michoro ya dhahabu ya mbwa na kulungu. Nimekitafuta bila mafanikio. Mnakijua?

---

NyayoMbichi

Mzee, hicho ni "Livre de chasse" cha Gaston Phébus, bwana wa Foix. Alianza kukiandika tarehe 1 Mei 1387, na alifariki mwaka 1391 siku aliyotoka kuwinda dubu. Nakala maarufu zaidi iko Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, ina michoro 87, nayo yote iko wazi kwenye Gallica, tovuti ya maktaba hiyo. Ukiandika jina la kitabu utapata matokeo mengi ya kukuchanganya. Andika namba ya nakala: "Français 616". Ikifunguka, kuza ukurasa hadi mwisho. Utaona wahudumu wanavyokagua makucha ya mbwa na kuwatazama vinywa, watoto wanavyofundishwa majina ya mbwa, na nyavu zinavyofungwa fundo kwa fundo.

Maandishi yake ni Kifaransa cha kale na hati ya mkono, si rahisi kuyasoma. Ila Edward, bwana wa York aliyeuawa vitani Agincourt mwaka 1415, alikitafsiri sehemu kubwa kwa Kiingereza na kuongeza sura zake mwenyewe, kikaitwa "The Master of Game". Toleo lenye dibaji ya Theodore Roosevelt lipo Gutenberg, na maneno yamelainishwa kwa msomaji wa sasa. Fungua Gallica kwenye kichupo kimoja na hicho kwenye kingine, uende nazo sura kwa sura, kuanzia zile za mbwa.